Kikopo Changu na Pembe ya Kogo

Shuleni mkono wangu wa kulia ulikuwa mwepesi kuliko moyo wangu. Mwalimu akiuliza swali, mkono ulikuwa umeshafika juu huku mimi bado najiuliza kama jibu ni sahihi, kama nitachekwa, na kama nikichekwa nitalia mbele za watu. Naanza na mkono kwa sababu ndio uliougua hadi kila mtu akaona, na ndio uliochelewa zaidi kupona. Nawaandikia ninyi mnaotibiwa sumu ya madini mwilini, na ninyi mnaouguza mtu wa namna hiyo. Zaidi nawaandikia ninyi ambao bado mnavuta sigara katikati ya matibabu, mkijiambia kwamba dawa ina kazi yake na sigara ina yake. Nilijiambia hivyo pia.

Jina langu ni Cherotich. Kwetu ni karibu na Kapkatet, kwenye kipande cha majani chai kinachoteremka hadi kijitoni. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mama pamoja na Kogo, nyanya yangu mzaa baba. Mama huchuma chai, hukamua ng'ombe wawili na hugandisha mursik, yale maziwa yetu ya kwenye kibuyu, ambayo watu wa kanisani huulizia kabla hata ya kumsalimia. Kogo, yeye ni mzee sana. Kila asubuhi aliketi juani, akafungua pembe yake ndogo yenye kifuniko cha ngozi, akanusa ugoro wake, akapiga chafya, akamshukuru Mungu. Hakuna aliyemsema. Kwetu, tumbaku ya bibi mzee ni heshima yake.

Tumbaku yangu mimi haikuwa heshima ya mtu yeyote. Nilianza kuvuta sigara chuo kikuu, kwenye mitihani, kwa sababu kichwa changu hakijui kunyamaza. Nikipanda kitanda huanza kunihoji: umefunga mlango? Yule mhadhiri alikuangalia vile kwa nini? Sigara ilikuwa kitu pekee kilichokiambia kinyamaze, kikanyamaza. Nilihitimu uchumi, nikarudi nyumbani, nikatuma maombi ya kazi mpaka nikaogopa kufungua simu.

Ndipo mjomba Kipsang, kaka yake mama, akaniambia, "Msomi, kuja Ndanai unisaidie. Hapo nyumbani utaota majani kama chai."

Mjomba ni fundi wa betri: za matrekta, za pikipiki, za sola. Betri ikifa kabisa, huivunja na kutoa risasi, yale madini mazito ya kijivu yaliyo ndani yake. Huyayeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la makaa, kisha huyamimina kwenye kalibu kutengeneza vichwa vipya vya betri, vile vinavyofungiwa waya. Nilianza kwa kuandikia wateja risiti. Baadaye nikawa namshikia kalibu. Halafu nikawa namimina mwenyewe, na nilipenda sana. Madini yakiyeyuka hung'aa kama maji yenye mwezi, na ukimimina huwezi kufikiria jambo lingine. Kichwa changu kilinyamaza bila sigara. Lakini sigara sikuacha. Nilinunua moja moja kibandani, na kwa kuwa moja moja huvunjika mfukoni, mjomba alinipa kikopo cha bati alichokuwa akiwekea vichwa vidogo vya betri. "Hiki hapa, weka uchafu wako," alisema akicheka. Nilikikung'uta nje, nikapanga sigara zangu humo. Mikono tulinawa wakati wa chakula. Kabla ya sigara nani hunawa?

Ugonjwa haukuja kama ugonjwa. Ulikuja kama ladha, kana kwamba nimelamba ufunguo. Kisha choo kikawa kigumu, siku nyingi bila kwenda, halafu tumbo likaanza kunisokota, likinikunja chini kama mtu anayekamua nguo. Zahanati moja ikasema vidonda vya tumbo. Nyingine ikasema taifodi. Nikameza dawa za yote mawili. Nilikonda, nikapauka, viungo vikauma kama vya mzee. Nilikuwa nasahau maneno katikati ya sentensi, na nikija nyumbani mwisho wa wiki namfokea mama bila sababu, kisha nakwenda kulia nyuma ya zizi kwa kuwa nimemfokea.

"Ni mawazo," mama aliwaambia watu. "Huyu mtoto alizaliwa akiwa na wasiwasi. Hata kunyonya alikuwa ananyonya akiangalia mlango."

Niliamini kuwa ni mawazo. Mtu anayewaza sana huwa na ubaya huo: mwili ukimwita, hudhani ni akili inamdanganya tena.

Niliacha kazi kwa mjomba nikarudi nyumbani kupumzika. Asubuhi moja nilimsaidia mama kuchuma. Wanaochuma chai wanajua: unakata majani mawili na kichipukizi, kiganja kikijaa unakirusha nyuma ya bega, majani yanaangukia kwenye kikapu mgongoni, bila kutazama. Niliufanya mchezo huo tangu utoto. Siku hiyo mama alisimama mstari wa nyuma yangu akaita, "Che, mbona unamwaga?"

Niligeuka. Majani yangu yote yalikuwa chini, msururu mzima wa kijani kwenye njia niliyopita. Nilijaribu kurusha tena, nikiangalia mkono wangu. Mkono ulipanda hadi begani, lakini kiganja kilibaki kimelala, kikining'inia kwenye kifundo kama ua lililopigwa na mvua ya mawe. Nikakiambia kiinuke. Hakikuinuka.

Mama alikuja akakishika kiganja changu kwa mikono yake miwili. Alivua kikapu chake, halafu akanivua changu.

Katika hospitali tuliyokwenda tulimpata daktari mmoja mama, Daktari Muthoni, mtu wa sauti ya chini. Alinibonyeza tumbo, akaniambia nitabasamu, lakini alichokuwa akitazama ni ufizi.

"Unaona huu mstari wa bluu chini ya meno?" alimwonyesha mama. Kisha akaniuliza, "Msichana wangu, unafanya kazi gani?"

Nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Unavuta sigara?"

Mama alikuwa ameketi kando yangu, kitambaa cha kanisa kichwani. Nikasema ndiyo. Mama hakunigeukia. Nilisikia tu akivuta pumzi.

Damu ilipelekwa Nairobi, na majibu yalipokuja, risasi ilikuwa nyingi mno. Daktari alinieleza polepole. "Vumbi la risasi lilikuwa vidoleni mwako. Kidole kikashika sigara, sigara ikaenda mdomoni. Tena moto wa sigara ukalifanya moshi. Wewe sigara ndiyo ilikuwa kijiko chako. Ulikuwa unakula risasi kwa kijiko."

"Na mkono wangu?"

"Neva imelemewa. Mara nyingi hurudi, lakini si kila mara. Inategemea tutaitoa risasi haraka namna gani, na kama haitaingia nyingine. Nitakupa vidonge. Vinashika madini damuni, unayakojoa. Lakini sikia: dawa hii inataka mlango uwe umefungwa. Ukiimeza huku risasi inaendelea kuingia, inaweza kukudhuru badala ya kukusaidia. Umeacha ile kazi?"

"Nimeacha."

"Na sigara uache. Tumbaku yenyewe ina madini yake."

Nikaitikia kwa kichwa. Nia ilikuwepo.

Vidonge vilinuka kama mayai yaliyooza. Nilivimeza, vikanuka pumzini mwangu, jashoni, hata mkojoni. Nikichungulia chakula nasikia kutapika. Sigara ilifunika ile harufu. Na kulikuwa na zile saa za mchana, mama yuko kwenye chai, mimi nimeketi na mkono uliolala pajani kama wa mtu mwingine, kichwa kikinihoji: usipopona? Utaandika kwa mkono gani? Nani atamwajiri mtu wa mkono mmoja na shahada? Nikapanga hoja nzuri kabisa, hoja ya mtu aliyesoma: sumu iko kwenye damu, moshi uko kwenye mapafu, hizo ni nyumba mbili. Kazi nimeacha, kwa hiyo mlango umefungwa. Sigara mbili tatu ni dirisha tu.

Mama alijua. Nilivutia nyuma ya zizi, na upepo wa kwetu hautunzi siri. Alisema mara moja tu, akikamua, bila kugeuka: "Che, mimi sina nguvu ya kukupiga tena. Ningekuwa nayo ningekupiga."

Duru ya kwanza ya dawa ilipoisha, risasi damuni ilikuwa imeshuka kidogo. Tulimshukuru Mungu. Baada ya mapumziko tukapima tena, na ikawa imepanda. Daktari alisema inaweza kuwa ni ile iliyojificha kwenye mifupa inatoka, ni kawaida. Lakini ilikuwa imepanda kupita alivyotarajia. Akaniuliza tena kuhusu kazi, maji, rangi ya nyumba, sufuria. "Kuna kitu," alisema. "Sitakupa duru nyingine mpaka tujue ni nini. Na mkono hauna muda mwingi wa kusubiri."

Mkinipa mimi neno kama hilo, "kuna kitu", mmenipa ugonjwa wa pili. Nilirudi nyumbani nikaanza kukishtaki kila kitu. Nilikataa maji ya kijito. Nilitoa sufuria zote nje. Kisha macho yangu yakaangukia vibuyu vya mama.

Asiyejua aelewe: kabla ya kutia maziwa, mama huchukua kijiti cha mti maalumu kilichowaka, akakisugua ndani ya kibuyu mpaka ukuta wake wote uwe mweusi wa mkaa. Ndiyo ladha ya mursik. Nikafikiri: makaa, majivu, mti umenyonya nini ardhini? Mti ule unaota kando ya barabara, magari yanapita. Nikasoma kwenye simu hadi nikajithibitishia. Jioni mama alinimiminia kikombe kama kawaida, nikakisukuma.

"Mama, nafikiri ni hii."

"Ni hii nini?"

"Inayoniua."

Mama alikichukua kikombe. Akakinywa chote yeye mwenyewe, amesimama, akaenda kulala bila kula. Tangu siku hiyo hakugandisha maziwa. Watu wa kanisani walipouliza, alisema ng'ombe amekauka. Vibuyu vilining'inia ukutani, mikia chini, na nilipovitazama niliona nimefanya jambo baya kuliko kuugua.

Aliyenitoa hapo ni Kogo. Alinikuta nyuma ya zizi, nikiwa nimeshika sigara kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukuweza kuifikisha mdomoni sawasawa. Nilitaka kuitupa.

"Wacha," akasema, akaketi kwenye gogo. "Malizia. Usitupe kitu cha watu."

Nikavuta, naona aibu. Akafungua pembe yake, akanusa, akapiga chafya.

"Inakusaidia?" akauliza.

"Kichwa kinatulia, Kogo."

"Hata mimi. Tangu babu yako afe. Kabla ya hapo nilikuwa nanusa kwa raha tu." Akafuta pua. "Kila mtu hapa anakuambia uache. Ni rahisi kusema. Mama yako hajawahi kuvuta hata moshi wa jikoni akaupenda. Mimi najua ni nini. Kwa hivyo sikuambii uache. Nakuambia tuache."

"Wewe? Kogo, wewe ni mzee!"

"Ndio sasa. Nina nini cha kufanya tena? Kuchuma chai?" Akacheka hadi akakohoa. "Lakini ukirudi, nami narudi siku hiyohiyo. Na nikifa kwa ugoro, waandike jina lako msalabani: huyu ndiye aliyemuua."

Tulikwenda ndani. Kogo hapendi mambo ya juujuu. Alitaka liwe agano. Meza yetu, kama meza za nyumba nyingi za kwetu, ina kitambaa cheupe alichofuma mama kwa sindano, hufuliwa kila Jumamosi kwa ajili ya wageni wa Jumapili. Kogo aliweka pembe yake katikati. "Na wewe yako."

Nikatoa kikopo, nikakiweka kando ya pembe. Kogo aliomba kwa Kipsigis, lugha yetu, sala ndefu iliyowataja hadi ng'ombe. Aliposema amina alichukua vitu vyote viwili ili avifungie sandukuni mwake.

Pale kilipokuwa kikopo palibaki duara la kijivu.

Pembe haikuacha alama. Nilipitisha kidole kwenye duara lile, nalo likahamia kidoleni. Nililijua. Nilikuwa nalo vidoleni miezi yote ile Ndanai. Nikamnyang'anya Kogo kikopo, nikakifungua, nikakiinamishia mwanga wa dirisha. Kwenye kitako chake ndani, chini ya vipande vya tumbaku, kulikuwa na vumbi laini, zito, la kijivu. Sikuwahi kukiosha. Nilikikung'uta tu. Kila sigara niliyovuta nyuma ya zizi, huku nameza dawa inayonuka mayai, ilikuwa imelala humo kwanza. Nilikuwa nimeshtaki kijito, sufuria, miti ya kando ya barabara na kibuyu cha mama yangu. Mfuko wangu mwenyewe sikuushtaki.

"Ni nini?" Kogo aliuliza.

"Ni kijiko, Kogo," nikasema, nikaanza kulia.

Daktari Muthoni alikifunga kikopo kwenye mfuko wa plastiki, akanawa mikono, akaketi. Nilitarajia anigombeze. Alisema, "Sasa mlango tumeuona. Mursik ya mama yako ilikuwa na kosa gani?"

"Hakuna," nikasema.

"Basi unywe. Unahitaji maziwa, na kuongeza damu." Akamtazama mama. "Na mama, kama kuna kibuyu kinabaki, mimi niko hapa kila Jumanne."

Mama alicheka. Nilikuwa nimesahau sauti ile.

Nyumba tuliifuta kwa maji na sabuni, vumbi lisipepee. Nguo zangu za Ndanai zikatolewa. Nilianza duru mpya ya dawa. Kuacha sigara kulikuwa kugumu, sitawadanganya. Nilitokwa na jasho, nilitetemeka, niliota nikivuta. Lakini kila nilipotaka kwenda kibandani nilimkuta Kogo mlangoni, amejifunga kitambaa kichwani kwa maumivu, na macho mekundu, akimgombeza jogoo.

"Pua yangu," alilalamika, "imekuwa kama nyumba isiyo na wageni."

"Kogo, wewe rudi tu. Mimi nitavumilia peke yangu."

"Nyamaza. Nani alikuuliza?"

Tulitafuna mahindi ya kukaanga. Tulitembea hadi kituo cha chai na kurudi, yeye amenishika mkono ule mlegevu, akinikanda kiganja kwa vidole vyake vikavu. Mazoezi ya hospitali nilifanya pia: weka mkono mezani, inua kiganja, hata kisipoinuka kiambie kiinuke. Kogo alikaa upande wa pili akikiita kama anavyoita kuku.

Mara ya kwanza kilipoinuka, kilikuwa kidole tu, cha kati, kama mtu anayeamka na kulala tena. Sikuamini. Nilifikiri ni mshipa. Nilifikiri ni mimi nimetaka sana. Kogo alipiga kigelegele hadi mama akaja mbio kutoka shambani akidhani kuna msiba. Risasi damuni ilishuka, ikapimwa tena, ikazidi kushuka. Tumbo lilinyooka. Maneno yalirudi katikati ya sentensi.

Asubuhi nyingine nilimkuta mama ameteremsha kibuyu, anatafuta kijiti cha kuchoma. Nilipiga magoti kando yake. "Mama, nisamehe."

"Shika hapa," akasema, akanipa kibuyu. Nilikishika kwa mkono wa kulia, naye akasugua mkaa. Kifundo kilitetemeka, lakini hakikulala. Kilipojaa maziwa alikifunga, akanipangusa masizi kwenye shavu kwa kidole gumba. Masizi yakaenea zaidi. Tukacheka.

Mjomba Kipsang naye alipimwa, akatibiwa. Hayeyushi tena, huchaji betri na kuuza mpya, na zilizokufa huzikusanya bila kuzivunja. Hunipigia simu Jumapili: "Msomi, mkono?" Namjibu, "Upo." Hiyo ndiyo salamu yetu.

Ninyi mnaotibiwa, sikilizeni. Daktari akikuuliza unavuta, mwambie ukweli hata kama mama yako ameketi hapo. Usiingize sumu kwa mkono mmoja huku unaitoa kwa mwingine. Kama unafanya kazi ya betri, rangi au kuyeyusha madini, usiende nyumbani na nguo ya kazi wala kitu chochote kilichokaa kwenye vumbi lile, hata kidogo, hata unachokipenda. Na kama unawaza sana kama mimi, wazia pia mfuko wako. Ninyi mnaouguza, msituambie tu "acha". Mkiweza, tafuteni na nyinyi kitu cha kuacha, mketi nasi. Kongoi, yaani asante, Daktari. Kongoi mama. Kogo, kwako sina neno la kutosha.

Jumapili iliyopita mchungaji alisema, kama asemavyo kila mara, "Mwenye ushuhuda na ainue mkono." Moyo wangu ukaanza maswali yake: watu watafikiri nini nikitaja sigara? Nitaanzia wapi? Bila kujua, niliinua mkono wa kushoto, ule niliouzoea wakati wa ugonjwa.

Kogo alinifinya paja.

"Si huo," akaninong'oneza. "Inua ule wetu."